Kula si Dhambi: Nafsi Inapotusuta Mbele ya Sahani

Ilikuwa saa nane za usiku, mwezi wa Julai mwaka jana, wakati ambao baridi ya Mutuini huingia hadi mifupani. Nilikuwa nimesimama jikoni gizani, nikila hamri la nne. Taa sikuiwasha. Mahamri yale yalikuja jioni na basi la Mombasa, zawadi ya wifi yangu, naye alikuwa ameyafunga katika kitambaa safi kama afungavyo siku zote. Mbele ya mume wangu na wanangu nilikataa kuonja hata moja. "Mimi nimeshiba," niliwaambia, ilhali tangu asubuhi sikuwa nimetia kinywani ila chai ya rangi isiyo na sukari na vipande vichache vya tango.

Usiku huo sikuwa na sahani mkononi, wala sikumbuki kama nilitaja Bismillahi. Nilikuwa nikila upesi, kama mtu anayeogopa kushikwa. Na kweli nilishikwa. Binti yangu wa miaka 12 aliamka kunywa maji, akasimama mlangoni akinitazama.

"Mama, kwa nini wala gizani?"

"Nenda kalale, mwanangu," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Lakini haikupita wiki mbili nikaanza kukuta mkebe wake wa chakula cha shuleni ukirudi ulivyokwenda. Nilipomkalisha chini nimuulize, aliinamisha kichwa akasema, "Nami napunguza, kama wewe. Nikila najiona nimekosa."

Ndugu msomaji, neno hilo la mtoto ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa miaka miwili nilikuwa nikipigana na uzito wangu, na nilidhani vita hivyo ni vyangu peke yangu. Sikujua kwamba kila nilipoisukuma sahani kando na kujisema vibaya, kulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akisoma somo hilo neno kwa neno.

Kati ya mawimbi mawili

Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na nimeishi Mutuini miaka tisa. Mutuini iko magharibi ya jiji la Nairobi, upande wa Dagoretti, kwenye vilima vilivyo zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Majirani zangu wengi ni Wakikuyu, watu wema wenye vishamba vya mboga na ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba. Pwani nilikuwa nikipita vichochoroni kwa miguu kutwa nzima, mara sokoni, mara kwa mamangu, mara kwa shoga. Hapa nilijikuta nikipanda matatu hata kwa mwendo mfupi, na baridi ikanizoesha vikombe vinne vya chai ya maziwa kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Wali wa nazi haukupungua. Kutembea ndiko kulikopungua.

Tukubali pia kwamba sisi watu wa Pwani tuna historia yetu na unene. Mwali alipokuwa akiwekwa ndani kabla ya harusi, alisingwa, akafukizwa, akalishwa vizuri ili atoke amenawiri. Mwili uliojaa ulikuwa ushahidi wa nyumba yenye heri na mume mwenye kujali. Hata leo, nikishuka Mombasa nikiwa nimepungua kilo mbili tu, shangazi zangu hunishika mkono na kusema, "Kwani huko bara mwalishwa nini?" Nikirudi Nairobi nimeongezeka, muuguzi hutazama mizani na kutikisa kichwa. Huku naambiwa kula, kule naambiwa acha. Nilikuwa kama jahazi kati ya mawimbi mawili, na pande zote mbili mkosa alikuwa mimi.

Sisemi kwamba wanaotuonya hawana haki. Uchunguzi wa kitaifa wa afya nchini Kenya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake 33 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Uchunguzi kama huo wa mwaka 2008 na 2009 ulikuwa umewahesabu 25 katika 100. Shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti ni mambo tunayoyaona katika nyumba zetu, hatuhitaji kuhadithiwa. Nami siku nilipopimwa katika kliniki moja ya mtaani, nilikuwa na kilo 84 kwa urefu wa sentimita 158, na shinikizo la damu lilikuwa limeanza kupanda. Kulikuwa na haja ya kufanya jambo. Kosa langu lilikuwa katika namna nilivyolifanya.

Hatia inapokuwa kijiko cha kuchotea

Namna yangu ilikuwa kujilaumu. Niliigawa dunia ya chakula mafungu mawili: chakula cha watu wema na chakula cha wakosaji. Nikila tango, mimi ni mwema. Nikila sambusa moja katika maulidi, siku imeharibika, na kwa kuwa imeharibika, basi heri nile na kaimati, na katlesi, na kipande cha halua, kesho nitaanza upya. Kesho yake nilijinyima hadi nikatetemeka mikono. Usiku ukifika, jikoni gizani.

Nilidhani jambo hili ni udhaifu wangu mimi. Baadaye nilisoma kwamba wataalamu walikwisha kulitazama miaka mingi iliyopita. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio walilowafanyia wasichana wa chuo huko Marekani. Baadhi yao walipewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wote wakaombwa waonje aiskrimu wale kadiri wapendavyo. Wale ambao kwa kawaida hawajibani katika kula, walipokunywa kinywaji kile walikula aiskrimu kidogo, kwa sababu walikuwa wameshiba. Lakini wale waliozoea kujinyima walifanya kinyume: wakishakunywa, walikula aiskrimu nyingi zaidi. Mlango ulikuwa umekwisha kuvunjika, basi wakaona hakuna haja ya kuulinda tena. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona mimi na sambusa yangu ya maulidi.

Tena kuna habari ya njaa yenyewe. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema waliojitolea, akawapunguzia chakula hadi karibu nusu kwa muda wa miezi sita. Wanaume wale, ambao hapo awali hawakuwa na shida yoyote na chakula, walianza kukiota usingizini, kukizungumza mchana kutwa, na kusoma vitabu vya mapishi kama watu wasomao riwaya. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mno na bado hawakuridhika. Hawakugeuka walafi wala hawakupungukiwa na imani. Mwili ulionyimwa ulikuwa ukidai haki yake.

Na je, kule kujisuta hakumsaidii mtu hata kidogo? Roeline Kuijer na Jessica Boyce wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, waliwauliza watu swali jepesi: ukitajiwa keki ya chokoleti, moyo wako huwaza hatia au huwaza sherehe? Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliowaza hatia hawakuwa na nia thabiti kuliko wenzao ya kula vizuri, na baada ya mwaka mmoja na nusu walikuwa wamefanikiwa kidogo zaidi kudumisha uzito wao. Kabla ya hapo, mwaka 2007, Claire Adams na Mark Leary waliwapa wanawake donati wale, kisha wakawaambia baadhi yao maneno ya upole: kila mtu hula vitu kama hivi, usijikalie kooni. Walipoletewa peremende waonje, wale wenye tabia ya kujibana waliokwisha kuambiwa maneno hayo walikula kidogo kuliko wenzao ambao hawakuambiwa kitu.

Kwa hiyo lile fimbo tulidhanialo kuwa hutuzuia, ndilo hutusukuma. Hatia ilikuwa kijiko nilichokuwa nikichotea.

Siku nilipotaka kutubia mahamri

Hata hivyo, kwangu mimi Mwislamu jambo lilikuwa na mzizi mwingine. Nilikuwa nimeyachukua majuto yale kuwa ni ibada. Kila nikijisuta nilijiona nimetubu, na kila nikirudia kula nilijiona nimevunja ahadi kwa Mola wangu. Jumamosi moja, baada ya darsa ya wanawake tunayoihudhuria Kawangware, nilibaki nyuma nikamwendea mwalimu wetu, mama wa makamo kutoka Lamu.

"Mwalimu," nikamwambia, "nataka unifundishe namna ya kutubia ulafi."

"Ulikula haramu?"

"La, Mwalimu."

"Ulikula cha mtu bila idhini yake? Uliwanyima wanao?"

"La. Nilikula mahamri manne usiku."

Hakucheka. Aliniuliza, "Na mchana ulikula nini?" Nikamweleza habari ya chai na tango. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Basi ulikuwa na njaa, mwanangu."

Nililia pale mkekani, na sioni haya kuliandika. Kisha akanifafanulia neno ambalo tangu siku hiyo nimelishika. Toba, alisema, ina nguzo zake: mtu aache dhambi, aijutie, na aazimie kutoirudia, na ikiwa kuna haki ya mtu, airudishe. Nguzo hizo zikitimia, mlango umefunguliwa, mja anaondoka mwepesi. Sasa tazama hii toba yako ya chakula. Utaazimiaje kutorudia kula? Jioni njaa itarudi, maana ndivyo Mwenyezi Mungu alivyomuumba mwanadamu. Utajuta leo, utajuta kesho, na hutafika mlangoni kamwe. Majuto yasiyo na mlango wa kutokea si toba, bali ni wasiwasi, na wasiwasi twajua hutoka kwa nani.

Akanikumbusha kwamba katika Sura ya al-Maida, aya ya 87, Mwenyezi Mungu anawakataza waumini wasijiharamishie vitu vizuri alivyowahalalishia, na papo hapo anawakataza kupita mipaka. Na katika Sura ya al-Aaraf, aya ya 31, amri ya kula na kunywa imekuja pamoja na katazo la israfu, mambo mawili katika aya moja. Hatuna ruhusa ya kulichukua moja tukaliacha la pili. Anayekula bila kipimo ameliacha katazo. Anayejinyima hadi mikono ikatetemeka, naye ameliacha agizo.

Kipimo chenyewe kinajulikana. Katika hadithi aliyoipokea al-Tirmidhi kutoka kwa al-Miqdam bin Maadikarib, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba tumbo ni chombo kibaya kuliko vyote mtu awezavyo kukijaza, na kwamba asiyetosheka na tonge chache za kumsimamisha mgongo, basi na aligawe tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Hadithi hii ni kali kwa mlafi. Hata hivyo, chakula kimetengewa fungu lake, theluthi kamili, na fungu hilo ni haki ya mwili.

Mwalimu akaongeza kisa cha Salman na Abu Dardai (R.A.), kilichomo katika mapokezi ya al-Bukhari. Salman alimtembelea ndugu yake akamkuta mkewe hajijali tena mavazi, kwa kuwa mume amejitenga na dunia kwa saumu za mchana na sala za usiku. Chakula kilipoandaliwa, Abu Dardai alimkaribisha mgeni na kusema yeye amefunga. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye, naye akala. Baadaye alimfunza kwamba Mola ana haki juu yetu, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki. Kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.), alisema Salman amesema kweli. Nilikuwa nimekisikia kisa hicho mara nyingi. Siku hiyo nilimwona kwa mara ya kwanza yule mke, na nikawakumbuka watu wa nyumbani kwangu walionyimwa haki yao na kujinyima kwangu.

Liko na jingine ambalo kila mama angependa kulijua. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Bi Aisha (R.A.) kwamba safarini alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena, naye Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni ya kulipia ile. Bi Aisha mwenyewe ndiye anayetusimulia kwamba alinenepa, na analisema kama anavyosema kwamba mvua ilinyesha. Katika maneno ya Mtume hamna lawama wala kejeli. Wamekwenda mbio pamoja, mke na mume. Akina baba mnaosoma ukurasa huu, tafadhalini lizingatieni hili kabla ya kutoa utani mbele ya watoto kuhusu mwili wa mama yao.

Saumu si kiboko

Hapa sina budi kuungama jambo. Nilikuwa nikifunga Jumatatu na Alhamisi, na watu wakinisifu, ilhali katika moyo wangu nilikuwa nikilipia biriani ya Jumapili. Saumu ya sunna ni hazina, na siha ikija nayo ni fadhila juu ya fadhila. Lakini nia ndiyo roho ya amali. Anayefunga ili kujiadhibu kwa alichokula jana amekigeuza kitu cha kumkurubisha kwa Mola wake kuwa kiboko, kisha jioni akifuturu hufuturu kwa hasira. Sasa nimerudi kuifunga Alhamisi peke yake, na usiku wake huamka kula daku, kwa sababu daku ni sunna na ina baraka. Na mwenye kisukari, mjamzito au mwenye kunyonyesha asijikalifishe. Amuulize daktari wake na mwanachuoni anayemwamini.

Tunayoyafanya nyumbani sasa

Wasomaji hupenda kujua mtu alifanya nini hasa, basi nitayataja yetu. Yametufaa sisi, kila nyumba ina mizani yake.

La kwanza, nala mchana, mezani, kwa sahani, na kwa Bismillahi. Hakuna tena chakula cha gizani. Nikitaka hamri, nalila mbele ya wanangu, limoja au mawili, nikiwa nimeketi na mbaazi zangu, na nikimaliza nasema Alhamdulillahi. Neno hilo lina kazi yake. Ukishukuru kwa dhati ni vigumu kujilaani kwa pumzi ileile. Na kwa kuwa nimekula chakula cha adhuhuri, usiku silali nikiiwaza friji.

La pili, tumepunguza vile visivyoonekana badala ya kupunguza furaha. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazozipata katika chakula, na ikipungua hadi nusu ya hapo, yaani karibu gramu 25 au vijiko sita vya chai kwa siku, ni bora zaidi. Mimi kwa chai peke yake nilikuwa nikifika vijiko 12. Nilishuka polepole, nusu kijiko kwa wiki, hadi ulimi ukazoea. Mafuta nayo, gramu moja ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kinakaribia kalori 120. Nilikuwa nikimimina kwa kukisia. Sasa napima kwa kijiko. Maharagwe na mboga napika kwa tui la pili, na lile tui zito nimeliwekea Ijumaa.

La tatu, nimejifunza kwa jirani. Mama wa nyumba ya pili hunipa managu kutoka shambani kwake, mboga ambayo sisi Pwani twaiita mnavu. Nilikuwa nimesahau kwamba bibi yangu alikuwa akiupika. Nami humpelekea mchuzi wa samaki. Githeri ya nyumbani kwake, mahindi na maharagwe yasiyo na mafuta mengi, imekuwa chakula chetu cha Jumanne. Kumbe si lazima kula kama mgonjwa ili upungue.

La nne, natembea. Asubuhi, watoto wakishakwenda shule, mimi na jirani huyo twapanda na kushuka vilima hadi soko la Dagoretti na kurudi, mimi na buibui langu, yeye na koti lake. Wataalamu wanapendekeza dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha kukutweza kidogo. Vilima vya Mutuini havikupi nafasi ya kutotweta.

La tano, tumezichunga ndimi. Nyumbani mwetu hakuna chakula kinachoitwa kibaya wala kichafu maadamu ni halali. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula ila, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Na hakuna anayesema "mimi nimekuwa kama pipa" mbele ya wasichana wetu. Shangazi zangu wa Mombasa nimewaomba vivyo hivyo, kwa adabu. Mmoja alinuna wiki nzima. Yamekwisha.

Inapozidi hapo

Yapo mambo ambayo ushauri wa jirani hautoshi. Ukimwona binti yako, au ukijiona mwenyewe, unajitapisha baada ya kula, unatumia dawa za kuharisha ili upungue, unakaa siku nzima bila chakula mara kwa mara, unakula kwa wingi kwa siri huku ukishindwa kujizuia, au hedhi imekatika kwa sababu ya kujinyima, huo ni ugonjwa, na una matibabu. Si upungufu wa imani, wala hauponywi kwa kukaripiwa. Mpeleke kwa daktari na uombe muuguzi au mshauri wa mambo ya nafsi. Dua na dawa hazigombani.

Mimi na binti yangu tulikwenda pamoja. Muuguzi aliyetupokea alimpima mtoto, akamweleza kwamba mwili wake unakua na unahitaji chakula chote anachopewa. Kisha akanigeukia mimi. Hakunitajia kilo 30. Aliniambia nilenge kilo tano au sita na nisiharakishe, akanieleza kwamba huko Marekani, katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari waliolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 84 hazifiki hata sita. Kwa miaka miwili nilikuwa nikijiadhibu kwa kutofika mahali ambapo hakuna aliyeniambia nifike.

Mwezi uliopita mizani ilisoma kilo 79, na shinikizo la damu limeshuka. Nimefurahi, lakini zipo siku ambazo sauti ile ya zamani hurudi, hasa baada ya harusi. Nikiisikia huiuliza maswali ya mwalimu wangu: ilikuwa haramu? Uliiba? Ulimnyima mtu? Ikiwa jibu ni la, basi nimekula tu. Ikiwa nimepitisha kipimo, nasema Astaghfirullahi mara moja, na mlo unaofuata naula kwa wakati wake.

Ijumaa iliyopita basi la Mombasa lilileta tena kifurushi cha wifi yangu. Binti yangu ndiye aliyekifungua. Aliyapanga mahamri katika sahani, akaenda kuipasha moto mbaazi, akaiwasha taa ya jikoni ingawa jua lilikuwa halijachwa. Kisha akaniita.

"Mama, njoo tule."

Nikaketi karibu naye, tukala.

Mwenyezi Mungu atujaalie siha katika miili yetu, kipimo katika sahani zetu, na huruma katika ndimi zetu. Amin.